Feni ya Mwinjilisti Jonah

Ukitaka kugombana na mtu bila sababu, watu wa Kathonzweni walikuwa wakisema, mpelekee Mulei redio iliyonyeshewa. Atakuuliza kama wewe mwenyewe ukilazwa nje kwenye mvua utaamka ukiimba. Atakuuliza ni mara ngapi umezianika hizo betri juu ya bati ukidhani jua litazifufua. Halafu, ukianza tu kutafuta njia ya kuondoka, atakunyang'anya ile redio mikononi, aifungue kwa bisibisi, na kabla hujamaliza kujitetea itakuwa inasoma habari.

Mulei wa Ndululu alikuwa fundi wa redio pale sokoni tangu mwaka wa 1967. Ufundi aliupata Machakos, katika duka la Mhindi mmoja aliyemwajiri kufagia. Mulei alifagia polepole mno kila alipokaribia meza ya kutengenezea redio, na kwa miaka mitatu ya kufagia polepole akajua kila kitu kilichofanyika juu ya meza ile. Aliporudi nyumbani alikuwa na koleo ndogo, chuma cha kuchomelea risasi, na hasira za yule Mhindi, ambazo alizibeba bila kuombwa. Alijenga kibanda cha mabati karibu na mahali pa kuuzia mbuzi, akaweka meza na benchi, akaanza kuwafokea wateja. Nao walimzoea, maana alichotengeneza kilitengenezeka.

Kanisani hakuwa akienda. Si kwamba hakumwamini Mungu. Mwaka wa 1971 mzee mmoja wa kanisa alisimama katikati ya ibada akasema kwamba fundi anayeitengeneza redio ya kilabu cha pombe ni sawa na aliyeipika hiyo pombe, na waumini wote wakageuza shingo kumwangalia Mulei. Mulei aliinuka, akavaa kofia yake humo humo ndani ya kanisa, akatoka. Mkewe Kalondu alimsihi kwa miaka mingi arudi, mwishowe akachoka. "Mungu anajua kibanda changu kiko wapi," Mulei alikuwa akimjibu. "Siku redio yake ikiharibika atakuja."

Mtu wa kanisa aliyeweza kukaa kwenye lile benchi akataja habari za Mungu bila kufukuzwa alikuwa mmoja tu, kaka yake Jonah.

Jonah alikuwa mwinjilisti, na zamani hizo alikuwa na sauti. Sauti hasa! Walipokuwa watoto, mama yao akitaka kuita watu wa kilima cha pili alimtuma Jonah atoke nje tu, aite. Akitaka maji alimtuma Mulei mtoni. Mulei hakuwahi kulisamehe jambo hilo, na hapohapo alijivunia ile sauti kuliko mwenyewe alivyojivunia. Mwaka wa 1961 Jonah, kijana asiye hata na ndevu, alivuka mto Athi kwa miguu akaenda hadi Ikutha, akasimama penye mnada wa mbuzi akahubiri. Wachuuzi walinyamaza, si kwa kumheshimu, bali kwa kuona kwamba hawamwezi. Kanisa la Ikutha lilianzia pale, kati ya mbuzi.

Mwaka wa 1989 Jonah akapata uvimbe kooni. Madaktari wa Nairobi waliutoa wakaokoa maisha yake, na kila mtu akamshukuru Mungu. Lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayesugua majani makavu ya mahindi. Mkewe Mbula alijifunza kuusikia. Wengine iliwabidi kuinama hadi mdomoni pake, na wengi waliona haya kufanya hivyo, kwa hiyo wakaacha kumsemesha.

Mwaka ule Jonah alikuwa akija kwenye kibanda karibu kila siku. Anakaa kwenye benchi, mikono magotini, hasemi. Mulei, ambaye hakuvumilia mtu akae pale bila redio, alikuwa akijitia kazi nyingi na kumweleza kaka yake kila anachofanya, waya huu unakwenda wapi na ule unakwenda wapi, ilimradi tu pasiwe kimya. Jioni alikuwa akirudi nyumbani moyo ukimuuma, na Kalondu akimuuliza ana nini anasema ni moshi wa risasi.

Ndipo waumini wakachanga, wakanunua amplifaya ya gari na spika mbili za tarumbeta. Spika zikafungwa juu ya pikapu ya kanisa, Peugeot 404 kuukuu, na amplifaya ikawekwa ndani, juu ya kiti cha kati. Jonah alileta maiki karibu kabisa na midomo, Mulei akafungua sauti hadi mwisho wa kitufe, na ule mnong'ono ukatoka nje ukiwa sauti ya mtu. Haikuwa ile ya zamani. Ilikwaruza na ilikuwa nzito, lakini watu wa upande wa pili wa soko waligeuka. Jonah alilia waziwazi. Mulei alisema spika zina vumbi, akatoa leso.

Sasa, amplifaya ile ilikuwa ya kuchezea kaseti ndani ya gari, ya watu wenye sauti zao. Kulazimishwa kubeba mnong'ono hadi mwisho wa kitufe, kutwa nzima, ndani ya gari lililofungwa, chini ya jua la Makueni, hakukuwa mzaha. Miezi miwili baadaye ilizimika katikati ya mahubiri kule Kasikeu. Mulei aliifungua akakuta transista zake kubwa zimeungua. Akatia nyingine. Ikazimika tena kwenye mazishi ya mwalimu mmoja. Akatia nyingine. Mara ya tatu ilizimika Jonah akiwa amefika pale pa kuwaita watu waliotaka kuokoka, na walioinua mikono wakabaki wameinua, hawajui waishushe au la.

Jambo lililomtia Mulei wazimu ni kwamba kibandani kwake haikuzimika hata siku moja. Aliiwasha asubuhi, akaiacha ikiimba hadi mbuzi wa mwisho auzwe, na ikawa moto, ndiyo, lakini ikaendelea.

"Kwangu inaimba, kwenu inakufa," alimwambia Mbula siku alipokuja kuichukua. "Mnaifanyia nini, Mama Nzuki? Niambie ukweli. Mnaipikia?"

"Hatuifanyii kitu, shemeji," Mbula akasema. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na kila mara aliileta amplifaya mapajani, imepanguswa hadi inang'aa. "Hiyo mashine naitunza kama yai. Hata watoto hawaigusi."

"Basi yai linaiva."

Katika mwezi wa saba wa mwaka wa 1992 Mulei alitia jozi ya nne ya transista, ukihesabu ile iliyokuja na mashine. Aliyemuuzia kule Nairobi alimwambia azitunze, kwa kuwa zilikuwa mbili za mwisho na aina hiyo haitengenezwi tena popote. Wiki hiyohiyo ikaja barua. Kanisa la Ikutha lilikuwa likifanya mkutano mkubwa mwezi wa nane, na waliomba mwinjilisti aliyelianzisha aje kuhubiri Jumapili.

Jonah aliileta ile barua kibandani mwenyewe. Mulei aliisoma mara mbili, kisha akainama, sikio karibu na mdomo wa kaka yake, kama alivyozoea.

"Mwanaa-mwaitu," Jonah akanong'ona, ndivyo walivyoitana tangu utotoni, mtoto wa mama yangu. "Ikinizimikia Ikutha, sishiki maiki tena. Nimesema na Mungu, sasa nasema na wewe. Heri ninyamaze mwenyewe kuliko kunyamazishwa na mashine mbele ya wale watu."

"Haitazimika," Mulei akasema, kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa.

Jonah alipoondoka Mulei alikaa akiitazama ile amplifaya. Ilikuwa saa nane, bati la kibanda linatoa mlio kwa joto, naye alikuwa akijipepea na kipande cha katoni. Alijipepea muda mrefu kabla ya kuuona mkono wake mwenyewe. Mimi najipepea, akajiambia, na hii nani anaipepea? Akaelekeza katoni kwenye zile mbavu za alumini zilizo mgongoni mwa amplifaya, zilizowekwa kutolea joto, akazipepea kwa dakika kumi huku inaimba. Akaweka kiganja. Alikiweka, akakiacha hapo. Siku zote ilimbidi akiondoe upesi.

Kathonzweni umeme haukuwa umefika, na feni za madukani Nairobi zilikuwa za umeme wa ukutani. Mulei alihitaji feni ya betri ya gari. Asubuhi iliyofuata alikwenda Emali, kwa Mbugua, mtu wa Nyeri aliyekuwa akinunua magari yaliyoanguka kwenye barabara ya Mombasa na kuuza kilichosalia.

"Unatafuta nini, mzee?" Mbugua akamuuliza kutoka chini ya lori.

"Hita."

Mbugua akatoka chini ya lori. "Hita ya gari? Ile ya kuleta moto ndani?" Akageukia nyumba. "Waruguru! Hebu kuja usikie! Kuna mzee hapa wa Kathonzweni anataka hita!"

Waruguru, mkewe, akatoka akiwa na mwiko mkononi, wote wawili wakacheka hadi wakashikana. "Kwani huko kwenu kumeanguka barafu?" Mbugua akauliza.

"Cheka," Mulei akasema. "Ukimaliza unionyeshe iko wapi. Moto wake sitaki. Nataka upepo wake."

Mbugua aliacha kucheka, maana alikuwa fundi naye. Alimpeleka nyuma ya uzio, kwenye gari dogo la buluu ambalo mbele yake palikuwa pamekunjwa na lori, akamwonyesha pa kuingiza mkono. "Chukua spana utoe mwenyewe. Huko kwetu baridi, bila hii vidole havishiki usukani. Lakini hapa Emali nimekaa miaka kumi na mbili, wewe ndiye wa kwanza kuniulizia." Alisimama akimwangalia Mulei akitoa mota ndogo yenye mapanga manne, na akamsaidia kuijaribu kwenye betri. Ilivuma. Ukibadilisha nyaya ilizunguka kinyume na upepo ukatoka upande wa pili, jambo lililomfurahisha Mulei kuliko alivyotaka Mbugua aone.

Kwa wiki mbili redio za watu zilikaa kwenye rafu zikisubiri. Mulei alikata bati la debe la mafuta ya kupikia, akatengeneza sanduku linaloikumbatia amplifaya, lenye tundu la mviringo juu, na nafasi wazi pembeni mbavu zilipo. Feni akaikalisha kwenye lile tundu, ivute hewa kutoka juu, iisukume kwenye mbavu, itokee pembeni. Alipoiwasha, upepo ulifanya kazi yake vizuri, ila ndani ya spika ukaingia mlio mwembamba kama wa mbu, usiokoma.

"Sasa Jonah atahubiri na mbu wake," Kalondu akasema. Alikuwa amemletea chakula na hakukosa neno.

Mulei alimwambia aende nyumbani. Kisha akachokora mzoga wa redio ya zamani, akatoa kapasita ndogo, akaichomelea kati ya nyaya mbili za mota. Mbu akanyamaza. Mulei akaizima na kuiwasha mara nyingi, apate kuusikia ule ukimya wake.

Yalibaki mambo mawili madogo. Mtu makini angeipa feni fyuzi yake peke yake. Mulei alikuwa na kishikio kimoja tu cha fyuzi, na alikuwa na njaa, kwa hiyo akaunganisha feni na amplifaya kwenye fyuzi moja, akajiahidi kurekebisha baadaye. Wavu wa kuyafunika mapanga hakuuweka pia. Wasafiri wote ni watu wazima, alijiambia, nani atatia kidole mle?

Ijumaa jioni Kalondu alimkuta mumewe akipiga pasi koti.

"Unaenda wapi?"

"Ikutha."

"Kanisani?" Kalondu akakaa chini.

"Naenda na feni," Mulei akasema. "Kanisa litakuwa hapo hapo, sitaweza kulizuia."

Jumamosi walivuka Athi, wakalala Ikutha kwenye nyumba za waumini. Mbula alikuwa amekuja na akina mama wenzake watatu na mizigo isiyohesabika. Jumapili asubuhi Mulei aliingia kwenye pikapu, iliyokuwa imeegeshwa kando ya jukwaa la mbao uwanjani, akajaribu kila kitu. Feni ilivuma, amplifaya ikapoa, sauti ikaenda hadi ng'ambo ya pili ya soko. Aliyaacha madirisha wazi. Akaenda kunywa chai, na alikunywa akiwa ametulia kuliko alivyokuwa tangu barua ile ifike.

Watu walikuwa wengi. Walikuwapo wazee waliokuwa vijana kwenye mnada wa mbuzi wa mwaka ule, na walikuja na wajukuu kuwaonyesha. Kwaya iliimba kwa midomo yake yenyewe, kisha kidogo baada ya saa tano Jonah akapewa maiki. Mulei alisimama nyuma kabisa, chini ya ukingo wa bati la duka, kofia mkononi.

"Bwana asifiwe," ile sauti ya kukwaruza ikatoka kwenye tarumbeta zote mbili.

"Amen!"

Jonah akaanza kusimulia jinsi alivyofika akiwa na njaa, na mwanamke asiyemjua akampa kibuyu cha uji. Watu wakacheka, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzee sasa, akifunika uso. Zilipita dakika kumi. Mulei akaanza kupumua kama mtu wa kawaida.

Halafu tarumbeta zikakatika katikati ya neno.

Jukwaani midomo ya Jonah iliendelea kidogo, kisha akasikia kwamba hasikiki. Aliigonga maiki kwa kidole. Aliitazama. Watu mia kadhaa walimtazama yeye. Hakuangalia kwenye gari wala hakumtafuta ndugu yake; aliteremsha maiki taratibu hadi pajani, na jinsi alivyoiteremsha Mulei akaelewa kwamba alikuwa akiiaga. Kiongozi wa kwaya, Mwangangi, mtu mwenye akili, akaanzisha wimbo upesi. Mulei alikuwa tayari anakimbia, mtu wa miaka hamsini na kitu, koti likipepea, akiwasukuma waumini bila hata samahani.

Alifungua mlango wa pikapu akasimama kama aliyepigwa kofi.

Amplifaya ilikuwa imevishwa kitambaa. Kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye maua ya waridi pembeni, kipana, kilichofunika sanduku lote hadi kwenye kiti, kama vile vinavyofunika viti na redio na kila kitu chenye heshima katika kila nyumba nzuri ya Ukambani. Katikati kilikuwa kimenyonywa ndani ya tundu, na nyuzi zake zimejisokota kwenye mapanga ya feni zikayakaza kabisa.

Mbula alikuwa amefika dirisha la upande wa pili, anahema.

"Nani ameweka hiki?" Mulei akauliza.

"Mimi," Mbula akasema. "Ni kipya. Kile cha zamani kilikuwa kimeanza kukunjika kwa joto, nikafuma kingine cha Ikutha."

"Cha zamani? Kuna cha zamani?"

"Kipo tangu siku ya kwanza, shemeji. Haijawahi kukaa uchi mbele ya watu."

"Mbona mimi sijawahi kukiona? Miaka miwili unaniletea hii kitu!"

"Sasa mtu anapeleka kitu kwa fundi na nguo ya Jumapili?" Mbula akasema, akishangaa kwamba anaulizwa. "Nikikuletea nakitoa, nakifua."

Mulei alifungua mdomo. Alikuwa na miaka ishirini na tano ya mazoezi, na maneno yalikuwa yamejipanga tayari, makali kuliko yote aliyowahi kumwambia mwenye redio. Kasikeu, mazishi, wale watu walioachwa mikono juu, transista sita zilizoungua, yote yalikuwa yamefunikwa na waridi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hata wahenga hawakuwahi kuliona jambo kama hili. Kisha akaiona mikono ya Mbula kwenye ukingo wa dirisha, vidole vyenye alama za sindano ya kufumia, na akakumbuka kwamba kwa miaka mitatu mikono hiyo na masikio hayo vilikuwa peke yake pamoja na ule mnong'ono, usiku na mchana. Akafunga mdomo. Kalondu, alipohadithiwa baadaye, hakuamini.

"Nipe wembe," akasema.

Mbula akampa mkasi mdogo kutoka mkobani. Mulei alikata nyuzi, akizivuta moja moja kutoka kwenye mapanga, na muda wote alikuwa akiogopa kugusa mbavu za alumini. Transista za mwisho. Kama zimeungua, basi, yamekwisha. Hakuna duka wala Nairobi itakayosaidia. Uwanjani walikuwa kwenye ubeti wa tatu. Akaweka kiganja.

Ilikuwa vuguvugu tu.

Hakuelewa. Kitu kilichokufa kwa joto hakiwezi kuwa vuguvugu. Aliinama chini ya dashibodi akavuta kishikio cha fyuzi, akaitoa, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imekatika. Mulei akaanza kucheka, kwa sauti, peke yake mle ndani, hadi Mbula akaogopa. Feni ilipokabwa na kitambaa ilivuta umeme mwingi ikaikata fyuzi, na kwa kuwa fundi mvivu na mwenye njaa alikuwa ameunganisha vyote viwili kwenye fyuzi moja, amplifaya nayo ikazimika papo hapo kabla haijapata nafasi ya kuungua. Angekuwa makini, feni ingekufa peke yake kimyakimya chini ya waridi, na transista zingefuata baada ya nusu saa. Akajitupa kwenye kiti cha dereva.

"Haijakufa, Mama Nzuki. Haijakufa. Imezimia tu."

Akang'oa fyuzi ya taa za mbele za pikapu, maana mchana taa za nini, akaipachika. Feni ikanguruma, ikashika mwendo.

"Wavu," akasema. "Kitu chochote cha waya."

Mbula alikimbia jikoni kwa akina mama akarudi na chekecheo ya unga. Mulei aliivunja ukingo wake wa mbao kwa goti, akaukunja ule wavu juu ya tundu, akaufunga kwa waya. Alipoinua macho, Mbula alikuwa amekishika kile kitambaa kilichokatwakatwa katikati, machozi yanamtoka.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Miaka yote hii, ni mimi nilikuwa namziba mdomo."

"Ni mimi sikuweka wavu."

"Shemeji, usinidanganye. Tuko kanisani."

Mulei alikuna kichwa. Maneno ya kupoza watu hakuwa nayo, hakuwahi kuyatunza. "Ndiyo, kilikuwa kinaichoma," akasema. "Na mimi ni fundi, nimeifungua mara tatu, sikuuliza hata siku moja inakaaje huko inakokaa. Niliwafokea tu. Sasa kipeleke jukwaani, kitandike mezani penye Biblia yake. Ukikunja hivi shimo halionekani. Nenda, na umwambie ashike maiki."

Mbula alipangusa macho akaenda. Mulei alimwona akipanda jukwaani wakati wimbo ukiisha, akitandika kitambaa chini ya Biblia na kukinyoosha kwa viganja, kisha akisema kitu sikioni mwa mumewe. Jonah alitikisa kichwa kukataa. Mbula akasema tena. Jonah akainua maiki kama mtu anayeinua kitu kinachoweza kumuuma.

"…uji ule," ile sauti ikasema juu ya uwanja mzima, "ulikuwa wa wimbi."

Walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Mulei hakutoka ndani ya gari tena. Alikaa pale na kiganja kwenye alumini, jua likipanda, na Jonah akahubiri. Alihubiri saa moja. Alihubiri saa mbili. Mulei, ambaye hakuwa amesikiliza mahubiri tangu 1971, aliona kwamba hayajafupishwa hata kidogo. Lakini kila alipokandamiza kiganja palikuwa vuguvugu tu, na kila alipopaona vuguvugu moyo wake ulipanda. Watu waliitwa waje mbele, wakaja, na mikono iliyoinuliwa ikapata wa kuiambia ishuke. Maombi yakafika mwisho, na amina ya mwisho ikatoka nzima.

Watu wakaanza kuinuka, kukunja mikeka, kutafuta watoto. Jonah alikuwa amechoka hata kusimama ilikuwa shida, naye Mbula akamshika mkono amteremshe. Jonah alisahau kwamba bado ameshika maiki, na kwamba iko wazi, karibu na kidevu. Alimgeukia mkewe, na lile alilomuuliza yeye peke yake likatoka kwenye tarumbeta zote mbili, likaenda juu ya uwanja na maduka hadi ng'ambo.

"Mbula. Nimesikika?"

Watu wote wakasimama walipokuwa. Kisha yule mwanamke mzee wa uji akajibu, na walio nyuma yake wakajibu, hadi walio kwenye mabati ya maduka na wavulana waliokuwa juu ya miti, kwa sauti moja:

"Umesikika!"

Ndani ya pikapu Mulei alikuwa na kidole kwenye swichi, tayari kuzima. Akakiondoa, akaiacha maiki wazi kwa muda kidogo zaidi.